Injini ya Ndege Ndogo Kula Oili Kupita Kiasi: Maana Yake na Namna ya Kutafuta Chanzo

Injini ya pistoni ya ndege ndogo, hata ikiwa mpya na nzima kabisa, hutumia oili kidogo kila inaporuka, kwa sababu utando mwembamba wa oili hubaki kwenye kuta za silinda ili ringi za pistoni zisisage chuma kikavu, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Injini hizi hupozwa kwa hewa, si kwa maji, na kwa hiyo nafasi inayoachwa kati ya pistoni na silinda ni pana kuliko ilivyo kwenye magari. Ndiyo sababu mtu aliyezoea gari lisiloongezwa oili kati ya sevisi moja na nyingine hushtuka anapoanza kutunza ndege. Tunasema injini inakula oili kupita kiasi pale kiasi kinachopotea kinapovuka kikomo cha mtengenezaji, au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, kinapopanda ghafla kuliko desturi ya injini ile ile.

Kikomo hicho ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lycoming, kampuni ya Marekani ambayo injini zake zimefungwa kwenye Cessna 172 nyingi, hutoa kanuni hii: chukua nguvu farasi zinazotumika, zidisha kwa 0.006, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa 7.4, nawe utapata kwati za oili kwa saa, kwati moja ikiwa karibu lita 0.95. Kwa Cessna 172S yenye injini ya nguvu farasi 180, ikisafiri kwa asilimia 75 ya nguvu hiyo, yaani 135, jibu ni karibu kwati 0.44 kwa saa. Ndege hiyo hujazwa kwati 8 na hairuhusiwi kuruka ikiwa na chini ya 5, kwa hiyo injini iliyofika kwenye kikomo ingemaliza akiba yote ya kwati 3 kabla ya saa 7 za kuruka kutimia. Injini ya namna hiyo bado imo ndani ya kanuni, lakini kwa maoni yangu haifai kupangiwa safari ndefu kabla fundi hajaitazama. Kwa upande mwingine, injini iliyokuwa ikitumia kwati moja kila saa 10 na sasa inatumia kwati moja kila saa 4 haijakaribia kukivuka kikomo hicho, na hata hivyo imetoa taarifa nzito kuliko tarakimu yoyote iliyo kitabuni.

Kabla ya kufungua kitu chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba upotevu wenyewe ni wa kweli. Oili huchukua muda kushuka kutoka sehemu za juu za injini hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa dakika chache baada ya kuzima injini hakilingani na kilichochukuliwa asubuhi. Ndege ipimwe ikiwa mahali palipo sawa, baada ya muda ule ule wa kupumzika, kwa kijiti chake yenyewe cha kupimia oili na si cha ndege ya jirani, na kila kiasi kinachoongezwa kiandikwe pamoja na saa za injini. Pia injini nyingi zikijazwa mpaka juu hutapika kwati ya kwanza kupitia bomba la kupumulia, linalotoa gesi nje ya injini, kisha hutulia kwenye kwati 6 au zaidi kidogo. Wenye ndege wengi huirudisha kwati hiyo kila siku, huipoteza kila siku, na kulalamika kuhusu ugonjwa ambao haupo.

Upotevu ukithibitika, oili ina njia tatu tu za kuondoka: kuvuja, kutupwa nje na bomba la kupumulia, au kuungua ndani ya silinda. Kuvuja ndiko rahisi kukutambua, ingawa upepo wa propela hudanganya kwa kuisambaza oili mbali na mahali ilipotokea. Njia ya uhakika ni kuiosha injini, kuikausha, kuiwasha kwa dakika chache na kutazama kwa tochi kwenye gasketi za vifuniko vya vali, sili za mirija ya fito za vali, kipoza oili na mabomba yake, vali ya kumwagia oili na sili ya mbele ya krankshafti, yaani mhimili unaozungusha propela.

Bomba la kupumulia linahitaji uangalifu zaidi. Kazi yake ni kutoa nje gesi inayopenya kando ya ringi na kuingia katika kasha la krankshafti. Gesi hiyo ikizidi hubeba matone ya oili na kuchora mstari mweusi tumboni mwa ndege. Kwa hiyo tumbo lililolowa, ilhali injini yenyewe ni kavu, huweza kumaanisha kujazwa kupita kiasi, na huweza pia kumaanisha ringi au silinda zilizochakaa. Fundi hutofautisha hali hizo mbili kwa kupima shinikizo ndani ya kasha injini ikiwa katika nguvu kubwa.

Ikiwa hakuna uvujaji na tumbo ni safi, basi oili inaungua, na swali linalofuata ni silinda ipi inayoiunguza. Plagi, ambazo kila silinda ina mbili, hutoa ushahidi wa kwanza. Katika injini ambayo silinda zake zimelala ubavuni, plagi za chini kuwa na unyevu kidogo si ajabu. Lakini silinda moja ikiwa na plagi zote mbili zilizolowa oili huku nyingine zikiwa kavu, mtuhumiwa amepatikana. Kisha kamera nyembamba hupitishwa katika tundu la plagi: pistoni ambayo ukingo wake umeoshwa na oili, wakati katikati yake pana masizi makavu, inaonyesha kuwa oili inapanda kupitia ringi. Silinda zote zikionyesha dalili moja, tatizo ni la injini nzima, kama vile kutu, vumbi au silinda zake kutozoezwa vizuri zilipokuwa mpya.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa sababu huuamini mno upimaji wa mgandamizo. Katika upimaji huo hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba huingizwa kwenye silinda na fundi husoma ni kiasi gani kinachobaki. Sauti ya hewa kwenye ekzosi huonyesha vali ya kutolea moshi inavujisha, na sauti kwenye tundu la kujazia oili huonyesha hewa inapita kando ya ringi. Hata hivyo, kinachopimwa ni ringi za juu, ambazo kazi yake ni kuzuia gesi. Ringi ya chini, inayokwangua oili ukutani, haishiriki karibu kabisa, na ikiziba kwa kaboni au kunasa katika mfereji wake, silinda husoma 78 kwa 80 na bado ikala oili kwa pupa. Bushi ya vali ya kuingizia hewa, yaani kijibomba ambamo shina la vali huteleza, ikilegea nayo haionekani katika kipimo hiki, ingawa mvuto ulio kwenye njia ya hewa hunyonya oili kupitia hapo, hasa rubani anapopunguza nguvu ili kushuka.

Uchunguzi wa oili katika maabara husaidia kueleza chanzo. Chuma nyingi hutoka mara nyingi kwenye kuta za silinda, na kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, ambako hewa ina chumvi na unyevu, ndege inayokaa majuma bila kuruka hupata kutu hapo kwa urahisi. Silikoni nyingi aghalabu ni mchanga uliopita kwenye chujio la hewa lenye mwanya. Wanaotumia viwanja vya murami wakumbuke kwamba katika ndege nyingi zenye kabureta hewa ya kupashia joto kabureta haipiti kwenye chujio hata kidogo. Jambo moja husahauliwa: injini inayoongezwa oili mpya kila mara huzimua ushahidi wake yenyewe, na majibu yake huonekana mazuri kuliko hali ilivyo.

Kung'oa silinda kuwe hatua ya mwisho, kwa kuwa boliti zinazoishika ndizo pia zinazobana kasha la injini, na zikikazwa vibaya madhara yake ni makubwa kuliko ya kula oili. Ringi iliyonaswa na kaboni wakati mwingine huachia ikilowekwa kwa kiyeyushi na kusukumwa kwa shinikizo la hewa silinda ikiwa mahali pake.

Silinda mpya ikifungwa, upotevu wa oili hupanda tena kwa muda, mpaka ringi na ukuta vikubaliane. Kwa injini zisizo na turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, Lycoming huelekeza kutumia oili ya madini isiyo na viongezo kwa saa 50 au mpaka matumizi yatulie, na kuruka kwa nguvu ya asilimia 65 hadi 75, kwa maana nguvu ndogo huacha ukuta ukitanda gamba gumu la oili linalozuia ringi kukaa. Kutimiza hilo ni kazi katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ulio karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari: mchana wa nyuzi 25 hewa yake ni nyembamba kama ile ya futi 8,000, na injini isiyo na turbo huishia kwenye asilimia 75 au pungufu hata rubani akifungua nguvu yote. Safari hizo za mwanzo ni heri zifanywe alfajiri, au juu ya nyanda za chini.