Kidhibiti cha gesi kwenye bunduki ya nusu otomatiki: unachopima ni wakati

Bunduki ya nusu otomatiki inayoendeshwa kwa gesi hujikoki yenyewe kwa kuchota sehemu ndogo ya gesi ileile inayosukuma kichwa cha risasi. Gesi hiyo hupenya tundu dogo lililotobolewa kwenye mtutu, na ukubwa wa tundu huamuliwa kiwandani. Mtengenezaji hajui kama utatumia risasi kali au dhaifu, wala kama utapiga kwenye baridi au joto, ukiwa na kiwambo cha sauti (kifaa cha kupunguza mlio) au bila. Kwa hiyo hutoboa tundu kubwa kuliko inavyohitajika ili bunduki isikwame mikononi mwa mnunuzi. Ziada hiyo ndiyo inayovunja vipuri, kurarua maganda na kukurudishia moshi machoni.

Kidhibiti cha gesi hukurudishia uamuzi huo. Wengi hukitafuta ili kupunguza teke la begani, na kweli teke hupungua. Lakini kwa maoni yangu anayekirekebisha kwa kufuata hisia za bega atakosea. Kinachopimwa ni wakati: bolti, yaani kipande kinachofunga nyuma ya risasi, ifunguke lini, na irudi nyuma kwa kasi gani.

Ganda la risasi hutanuka na kung'ang'ania kuta za chemba (sehemu ya mtutu ambamo risasi hukaa) baruti inapolipuka. Shinikizo likishuka, ganda husinyaa kidogo na kuachia. Bolti ikifunguka mapema, ndoano ya kutolea ganda huvuta kitu ambacho bado kimekazwa. Ama itararua ukingo wa ganda, ama itateleza na kuliacha ndani. Gesi huanza kuingia kwenye mfumo pale kichwa cha risasi kinapovuka tundu, na huendelea hadi kitoke mdomoni mwa mtutu. Baada ya hapo shinikizo huporomoka. Kwa hiyo mambo mawili yanatawala: shinikizo liko juu kiasi gani pale kwenye tundu, na umbali uliobaki kutoka tundu hadi mdomo.

AR-15, bunduki ya Kimarekani, inaonyesha jambo hili vizuri. Mtutu wa inchi 20 wenye mrija mrefu wa gesi na mtutu wa inchi 14.5 wenye mrija mfupi vina karibu umbali uleule kati ya tundu na mdomo, takriban sentimita 17. Hata hivyo mfupi una hasira zaidi, kwa sababu tundu lake liko karibu na chemba ambako shinikizo bado liko juu sana. Ukichukua mrija huohuo mfupi ukaufunga kwenye mtutu wa inchi 16, umeongeza na muda wa gesi kuingia pia. Ndiyo maana mchanganyiko huo, ulioenea sana, ndio unaonufaika zaidi na kidhibiti.

Kuna njia mbili za kudhibiti. Ya kwanza ni kubana: skrubu au vali inaziba sehemu ya njia ya gesi. Bunduki ya SVT-40 ya Kisovieti ilikuwa na kidhibiti cha namna hiyo chenye matundu matano ya kuchagua, ya milimita 1.1, 1.2, 1.3, 1.5 na 1.7. Bloku nyingi za kisasa za AR-15 (bloku ni kipande kinachokaa juu ya tundu la gesi la mtutu) hufanya kazi hiyohiyo kwa skrubu ndogo ya aleni, yenye kichwa cha tundu la pembe sita. Njia ya pili ni kumwaga: gesi yote inaingia, kisha ziada inatolewa nje. FN FAL, bunduki ya Kibelgiji iliyobuniwa na Dieudonné Saive, hutumia njia hii. Unazungusha pete na tundu la kuvujisha linafunguka au kufungika. Kwa M1 Garand, bunduki ya Kimarekani ambayo tundu lake la gesi liko karibu kabisa na mdomo wa mtutu, watu hubadilisha skrubu ya mbele ya silinda ya gesi kwa nyingine yenye tundu la kuvujisha. Wana sababu nzuri: baruti inayoungua polepole hufika pale mbele ikiwa bado na nguvu nyingi, na fimbo ya kuendeshea bolti inaweza kupinda.

Mimi napendelea mfumo wa kumwaga kwa bunduki itakayochafuka, kwa kuwa mkondo wa gesi unajisafishia njia. Kasoro yake ni kwamba ziada hutoka ikiwa ya moto, na kikinga mkono cha plastiki kilicho karibu kitaungua. Wa kubana ni mwepesi na mtulivu, ila masizi huugandisha. Nitalirudia hilo.

Kabla ya kugusa kidhibiti, hakikisha tatizo ni la gesi kweli. Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Thibitisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kwa macho na kwa kidole. Kwenye AR-15, toa kibeba bolti, vuta bolti mbele, kisha kisimamishe juu ya uso wa bolti. Kikididimia kwa uzito wake chenyewe, pete tatu za gesi zimechakaa na gesi inapita pembeni. Jaribu kutikisa kiingilio cha gesi kilicho juu ya kibeba bolti. Kikicheza hata kidogo, skrubu zake zimelegea. Pima springi ya nyuma ikiwa huru: ya kabaini (bunduki fupi) isipungue sentimita 25.6, na ya kitako kirefu isipungue sentimita 29.8. Ikipungua, bolti itakimbia kana kwamba gesi ni nyingi, na utaibana gesi bure.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye bloku yenyewe. Mitutu mingi ina bega, yaani ngazi ya chuma, ambalo bloku ya asili hukutana nalo ikiwa na bati la kikinga mkono katikati. Ukifunga bloku fupi isiyotumia bati hilo na kuisukuma hadi kwenye bega hilo, tundu la bloku litapishana na tundu la mtutu kwa kiasi cha unene wa bati, yaani milimita 0.6 hadi 0.8. Acha nafasi hiyo, ukiipima kwa kipimo cha bati nyembamba. Bunduki yenye upungufu wa gesi baada ya kufungwa bloku mpya nitaishuku hapo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Kwa FAL, angalia plagi ya gesi: alama ya A ikae juu. Ikigeuzwa upande wa kurushia guruneti, gesi imefungwa kabisa na utakoki kwa mkono kila risasi, huku ukilaumu kidhibiti.

Dalili za gesi nyingi huonekana kwenye maganda. Kitako cha ganda huwa na mkwaruzo unaong'aa pale lilipozungushwa likiwa bado limebanwa, na ukingo huwa umepinda au kuchanika. Kwenye AR-15 maganda hurukia mbele kwa nguvu badala ya kutoka ubavuni au nyuma kidogo. Bolti inaweza kurudi mbele kabla springi ya magazini haijawahi kuinua risasi inayofuata, ikafunga chemba tupu. Na hapa kuna mtego: magazini ikiisha, bolti inaweza isishikwe nyuma kwa sababu imepita kwa kasi na kishikio hakikuwahi kuinuka. Upungufu wa gesi nao huleta dalili hiyohiyo, kwa sababu bolti haikufika nyuma. Tofautisha kwa maganda. Gesi ikipungua hudondoka karibu na miguu yako, au ganda hunaswa kwenye mlango wa kutolea maganda likiwa limesimama wima.

Sasa marekebisho yenyewe. Bunduki iwe safi na imepakwa mafuta, uwe uwanja wa shabaha, umevaa kinga ya macho na masikio. Tumia risasi dhaifu kuliko zote unazokusudia kutumia; za .223 za mazoezi mara nyingi ni dhaifu kuliko za kijeshi za 5.56×45. Anza na gesi kidogo kabisa: kwa skrubu ya kubana, ifunge yote, kwa mfumo wa FAL, fungua uvujaji wote. Weka risasi moja tu kwenye magazini, ipakie, piga. Bolti isiposhikwa nyuma, ongeza gesi kliki moja (hatua moja ya skrubu) na urudie. Isiyo na kliki, iongeze kwa robo mzunguko. Elekeza mtutu kwenye shabaha muda wote, na kila unapogusa skrubu magazini iwe imetolewa na chemba iwe tupu.

Ikishika nyuma kwa mara ya kwanza usishangilie bado. Rudia hapohapo mara tano mfululizo. Ikishindwa hata moja, ongeza kliki. Ikipita zote, ongeza kliki moja au mbili za akiba, kisha piga magazini nzima kwa mwendo wa kawaida. Akiba hiyo si anasa. Bunduki itachafuka, hewa itapoa na kushusha nguvu ya baruti, na mafuta yatakuwa mazito. Anayeacha kidhibiti pale hasa bolti ilipoanza kushikwa amerekebisha kwa ajili ya siku moja tu. Bunduki ya mashindano inaweza kubaki karibu na ukingo huo kwa sababu mwenyewe anajua risasi zake. Bunduki ya kujilinda naiongezea kliki ya tatu bila kusita.

Bafa nzito, yaani uzito unaokaa nyuma ya kibeba bolti pamoja na springi, ije baadaye. Kwenye AR-15 bafa ya kawaida ya kabaini ina takriban gramu 85, na nzito zaidi hukaribia gramu 155. Uzito huchelewesha mwendo wa bolti, lakini gesi iliyoingia ni ileile. Punguza gesi kwanza, kisha bafa itumike kusawazisha kilichobaki.

Kiwambo cha sauti, pale sheria inapokiruhusu, hubadilisha hesabu yote. Huzuia gesi isitoke haraka, shinikizo hukaa mtutuni kwa muda mrefu zaidi, na bolti hufunguka mapema. Fanya zoezi lote upya kikiwa kimefungwa, na uandike namba mbili: mizunguko ya kutumia na kiwambo, na ya bila. Ukikitoa kiwambo ukasahau kuongeza gesi, bunduki itageuka kuwa ya risasi moja moja.

Kuhusu masizi: skrubu ya kubana isiyoguswa huganda, na kichwa chake cha aleni huvunjika au kuliwa unapolazimisha. Kila baada ya risasi 200 au 300, hesabu mizunguko hadi ifunge, ifungue, kisha irudishe kwenye namba yako. Ikikaza, weka mafuta ya kupenya usiku kucha. Usiongeze urefu wa spana. Usitie gundi ya kawaida ya nyuzi kwenye skrubu zinazoshika bloku, kwa sababu hata ile kali hulegea joto linapozidi takriban nyuzijoto 150 za Selsiasi, na bloku hufika huko bila shida. Tumia gundi ya kauri ya joto kali, na toboa kidimbwi kidogo kwenye mtutu ambapo ncha ya skrubu itakaa. Kidimbwi tu, kisifike ndani. Na tundu la gesi la mtutu lisipanuliwe kwa keekee kutibu upungufu wa gesi kabla hujakagua bloku, pete na springi, maana tundu lililopanuliwa halirudi.