Propela iliyoundwa ikunjike: kwa nini iliyochomelewa haipiti ukaguzi

Miezi ya karibuni, sisi wa kituo cha ukaguzi wa magari tumepokea malalamiko mengi ya aina moja kutoka kwa wenye magari wa Nakuru, Molo na hata Kericho. Gari limekataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya shafti ya propela, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari, na mwenyewe anashangaa: "Fundi ameiimarisha. Sasa ni ngumu kuliko ile ya kiwandani." Anasema kweli. Ni ngumu kuliko ya kiwandani, na ndiyo sababu imekataliwa.

Hatudhani kuna mtu mwenye nia mbaya hapa. Fundi wa jua kali, awe wa mtaa wa Shabab mjini Nakuru au wa Kibuye kule Kisumu, akiona bomba la propela limebanwa shingo katikati, anaona udhaifu, naye anauzungushia chuma. Angekuwa anatengeneza geti tungempongeza. Lakini shingo ile haikutokea kwa bahati mbaya, wala kiwanda hakikuishiwa na chuma. Imewekwa ili siku gari litakapogongana uso kwa uso, propela ifupike.

Propela hubeba kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza kila dereva anaijua: kupeleka nguvu ya kuzungusha kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, yaani gia za ekseli zinazogeuza magurudumu. Injini ya nguvu ya mzunguko wa Nm (nyutoni-mita) 200, ikiwa gia ya kwanza inazidisha mara nne, inaitwika propela takriban Nm 800. Kazi ya pili huonekana siku ya ajali tu. Gari linalogonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa husimama kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sehemu ya mbele imepangwa ijikunje, injini na giaboksi zirudi nyuma kidogo. Nyuma ya giaboksi kuna propela. Ikiwa ni mti mmoja mgumu, injini haina pa kwenda: nguvu inapita moja kwa moja hadi kwenye difu, na mbele panagoma kujikunja kama palivyopangwa. Mshtuko unaobaki unamfikia aliyekaa kitini. Kompyuta ya mifuko ya hewa nayo, ambayo huamua ndani ya milisekunde chache kwa kupima jinsi gari linavyopoteza kasi, inapokea taarifa za gari jingine kabisa, si lile lililojaribiwa kiwandani. Au propela inapinda katikati, inapanda kwenye sakafu, au inaelekea kwenye tangi na mabomba ya mafuta.

Sasa, unaundaje kitu kigumu kwa kuzungushwa na kilegevu kwa kusukumwa? Hapa ndipo kazi ya mhandisi ilipo. Nguvu ya kuzungushwa hubebwa zaidi na chuma kilicho pembezoni, mbali na kitovu, kwa hiyo bomba pana lenye ukuta mwembamba linatosha. Tatizo ni kwamba bomba lililonyooka ni gumu sana ukilisukuma kwa urefu wake. Basi linapunguzwa upana sehemu moja, na kati ya sehemu pana na nyembamba panaachwa mkunjo wa mviringo. Msukumo ukifika kiwango kilichopangwa, mkunjo ule unajipindua kama soksi inayogeuzwa ndani nje, na bomba jembamba linaingia ndani ya lile pana. Wakati wote wa safari za kawaida mkunjo huo hauna habari, kwa sababu chuma chake kimezunguka duara zima na kinapokea mzunguko bila shida.

Ziko njia nyingine. Magari mengine yana mabomba mawili yenye meno, moja ndani ya jingine, yanayoteleza. Mengine yana jointi ya gololi ambayo ikisukumwa kupita kiasi, sehemu zake za ndani huvunja kifuniko na kuzama ndani ya bomba. Kwenye propela ya vipande viwili, kishikizo cha senta beringi, ile beringi inayoibeba propela katikati, kinaweza kuundwa kiachie. Propela za nyuzi za kaboni huchanika na kusambaratika.

Kigumu kuliko vyote ni kuchagua kiwango chenyewe. Kikiwa kidogo mno, propela itaanza kujifupisha barabarani, kwenye mashimo na kwenye klachi iliyoachiliwa kwa pupa. Kikiwa kikubwa mno, hakuna maana ya kuwa na shingo. Watengenezaji huzibana shafti kwenye mashine za majaribio, kisha hugongesha magari mazima kuhakikisha. Kiwango hicho hakiandikwi kwenye propela. Fundi hawezi kukipima kwa jicho, na mkaguzi pia hawezi. Ndiyo maana msimamo wetu ni mmoja: chuma chochote kilichoongezwa kwenye bomba hakipiti, hata kama kazi ya kuchomelea ni safi.

Si kila gari linahusika. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele pekee halina propela kabisa, na malori yana mpango wake. Tunazungumzia saluni zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, fowili (zinazosukumwa na magurudumu yote manne), na baadhi ya magari madogo ya abiria.

Tuchukue propela moja ya saluni iliyoletwa kituoni. Shingo ilikuwa imevalishwa kola ya bomba la maji, lile la mabati, na kwenye ukingo mmoja nyuzi za skrubu za fundi bomba zilikuwa bado zinaonekana. Kola ilichomelewa pande zote mbili, ikapakwa rangi nyeusi. Vile vibati vidogo vilivyogandishwa kwenye bomba vilikuwa vimegongwa vikatoka. Yaelekea fundi alidhani ni uchafu wa kiwandani. Vibati vile ni vya balansi, yaani vya kusawazisha uzito propela inapozunguka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kwenye gia ya moja kwa moja (isiyoongeza wala kupunguza mzunguko), propela inazunguka mara 50 kila sekunde, na gramu chache zisizo mahali pake zinatosha kumaliza senta beringi na sili ya giaboksi. Mwenye gari alikuwa ameshalalamikia mtetemo huo kwa fundi yuleyule. Dawa aliyopewa ilikuwa kola ya pili.

Kosa jingine ni kugeuza propela ya vipande viwili kuwa kipande kimoja ili kukwepa bei ya senta beringi. Kila shafti ina kasi ambayo ikiifikia huanza kupinda na kurukaruka yenyewe. Urefu ukizidishwa mara mbili, kasi hiyo hushuka hadi robo. Mteremko wa Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, si mahali pa kulijua hilo. Wengine huchomelea meno yanayoteleza ili "kuua kelele", na wengine hukata na kuchomelea kwa sababu krosi (viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha za propela) za magari mengi ya Kijapani zimegongewa kiwandani na hazina klipu za kuzitoa. Hapo tunaielewa shida. Suluhisho ni propela kamili ya gari hilohilo, hata iliyotumika, iliyotafutwa kwa nambari ya chesisi. Ni ghali, ndiyo.

Kuhusu utaratibu. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Unaingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, unafungua huduma za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), unachagua ukaguzi wa gari, unaandika nambari ya usajili, unachagua kituo na siku, unalipa, unachapisha risiti. Kisha gari lenyewe linakuja. Hatukagui picha za WhatsApp. Likikataliwa, unapewa orodha ya kasoro; unazirekebisha, unarudi kwa ukaguzi wa marudio. Kubishana na mkaguzi getini hakubadilishi kilichoandikwa kwenye orodha, na kwenda kujaribu bahati Kisumu baada ya kukataliwa Nakuru hakuifanyi kola iyeyuke.

Kuhusu adhabu. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza kutumia barabarani gari ambalo sehemu zake hazitunzwi katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara au abiria. Adhabu iko kwenye kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kusema fundi ndiye aliyefanya hakumtoi lawamani anayeliendesha. Kiwango halisi cha adhabu ni uamuzi wa mahakama, na makala haya hayachukui nafasi ya sheria wala ya ushauri wa wakili. Kwa upande wa bima, kampuni ina haki ya kumtuma mkadiriaji baada ya ajali, naye hutazama chini ya gari pia.

Tunaambiwa pia kwamba propela haipo kwenye logbuku, kwa hiyo mtu yuko huru kuibadilisha atakavyo. Breki nazo hazipo kwenye logbuku. Na kwa anayesema ameendesha na kola miaka miwili bila tatizo: bila shaka. Kola haisumbui mpaka gari ligongane, na katika miaka hiyo miwili hukugongana.

Ukija kwa ukaguzi wa marudio, leta risiti ya propela uliyonunua kama unayo, na waambie mafundi wasiipake rangi. Rangi mbichi inaficha mistari ya kuchomelea, na mkaguzi akiikuta atalazimika kuikwangua kabla ya kuendelea.