Kujivua gamba kwa nyoka wa mitini: maana yake na namna ya kumsaidia

Kujivua gamba ni tendo la nyoka kuachana na tabaka la juu la ngozi baada ya tabaka jipya kukamilika chini yake. Kwa anayefuga nyoka wa mitini wasio na sumu, kama wale wembamba wa kijani wa jenasi ya Philothamnus, hiki ndicho kipimo cha haraka cha hali ya kizimba. Gamba likitoka zima, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, kizimba kiko sawa. Likitoka vipande vipande, usimlaumu nyoka kwanza. Mara nyingi ni hewa kavu.

Shughuli yote huchukua wiki moja hadi mbili. Rangi hufifia, kisha macho hufanya ukungu wa bluu kwa siku kadhaa, kwa sababu majimaji yameingia kati ya tabaka kuukuu na jipya. Macho yakishang'aa tena, siku chache baadaye nyoka husugua pua kwenye gome la kukwaruza mpaka gamba lifunguke mdomoni, halafu hujipenyeza kati ya matawi na kuliacha nyuma limegeuka kama soksi. Wakati wa ukungu usimlishe wala usimshike. Haoni vizuri, na hata mpole huuma.

Majimaji hayo yakikauka mapema, matabaka mawili hugandana. Ndiyo maana Tabora, kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina kazi zaidi. Siku za kawaida unyevu uwe asilimia 60 hadi 70. Macho yakifanya ukungu, pandisha hadi 75 au 80. Kipimaunyevu kining'inie katikati ya matawi, si sakafuni, maana taa inayompa nyuzi 30 kule juu hukausha hewa palepale anapolala. Chini pabaki na nyuzi 24 au 25. Kwa nyoka wa mita moja, anza na kizimba cha sentimita 60 kwa 45, kimo 90.

Nyunyiza maji kwenye majani asubuhi na jioni. Wengi wao hunywa matone hayo na bakuli hawaligusi. Hewa ikiwa kavu mno, ziba theluthi mbili ya wavu kwa nailoni, mbali na taa. Kigoma kandokando ya ziwa, wakati wa mvua, fanya kinyume: funua wavu, punguza kunyunyiza. Majani yakauke ndani ya saa mbili tatu. Ubichi usiokauka huleta malengelenge tumboni na ugonjwa wa mapafu, ambao utauona kwa mapovu puani na mdomo unaobaki wazi.

Na jambo moja la mikoa ya tumbaku: usinyunyizie kwa bomba lililowahi kubeba dawa ya shambani, hata liwe limeoshwa mara ngapi. Mabaki ya dawa huua. Matawi yawe ya mpera au mwembe, unene wa mwili wa nyoka au kuzidi kidogo. Mnyaa hapana, utomvu wake huunguza macho.

Gamba likitoka, lilainishe kwa maji ulikunjue. Nyoka hana kope, ana kifuniko angavu juu ya kila jicho, kwa hiyo kichwani utafute viduara viwili safi. Angalia pia magamba ya mgongo. Yakiwa na mstari ulioinuka katikati ya kila gamba, acha kumshika kabisa, huenda ni boomslang (Dispholidus typus), nyoka mwingine wa mitini, ambaye sumu yake huvuruga kuganda kwa damu na huua. Ila magamba laini, yasiyo na mstari huo, si kibali cha usalama. Koboko naye ana magamba laini. Utambuzi ni kazi ya mtaalamu, kabla ya kufuga, sawa na kibali cha mamlaka ya wanyamapori.

Vipande vikibaki, mweke katika chombo chenye matundu ya hewa na kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28, kina cha maji kisifike mgongoni, dakika 20 hadi 30. Kisha mwache apite kwenye kitambaa kibichi mkononi. Usivute gamba kavu. Pete iliyobaki kwenye ncha ya mkia ishughulikiwe mapema, kwani hubana damu na ncha hufa. Kifuniko cha jicho kikibaki, usiguse kwa kibanio: pandisha unyevu, subiri gamba lijalo, na kikigoma tena mpeleke kwa daktari wa mifugo.