Haki za Wamarekani Hazikuwemo Kwenye Katiba ya Mwanzo: Tunayoambiwa na Yaliyotokea Kweli

Nimekuwa nakaa jioni jikoni na shangazi yangu ambaye anajiandaa na mtihani wa uraia wa Marekani, mimi nauliza maswali yeye anajibu huku anapika, na karibu kila siku linatokea jambo ambalo sote wawili tulikuwa tunalijua kinyume. Wala si sisi tu, hata huku mtandaoni naona watu wanayachanganya, basi acha niyaweke hapa yale makubwa.

Kwanza hii ya kusema katiba ya Marekani ni ya 1776. Hapana jamani. 1776 ni Tangazo la Uhuru, ile hati ya kumwambia mfalme wa Uingereza basi, tumeachana, na humo ndimo yalimo yale maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa, ukiyatafuta kwenye katiba huyakuti. Katiba iliandikwa Philadelphia 1787, miaka 11 baadaye, na hapo katikati walikuwa na mkataba mwingine wa muungano ulioanza kazi 1781 ambao haukuipa serikali kuu hata uwezo wa kutoza kodi, yaani inaomba hela kwa majimbo kama mtu anayepitisha kapu la mchango, anayetaka anatoa asiyetaka anapita. Na Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa lile Tangazo la Uhuru, ambaye shangazi alinijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ndo aliyeandika katiba, hata kwenye kikao hakuwepo, alikuwa Paris kama balozi.

Sasa dhana inayonikera zaidi ni hii kwamba wale wazee walikaa chini, wakaandika katiba na haki za raia humohumo, wakawapa wananchi kama zawadi. Haikuwa hivyo hata kidogo. Walikutana kuanzia 25 Mei mpaka 17 Septemba, kiangazi chote, mambo yanafanywa kwa siri na walinzi mlangoni, na kwa jumla waliohudhuria walikuwa wajumbe 55. Tarehe 12 Septemba, zimebaki siku tano tu, George Mason wa Virginia akasema ingefaa katiba itanguliwe na hati ya haki, na kwa kuwa majimbo yana hati zao za kuangalizia, ni kazi ya saa chache tu. Saa chache! Ikapigwa kura kwa majimbo, 10 yakasema hapana na hakuna hata moja lililosema ndiyo, hata Virginia kwao Mason ilipinga. Hoja ilikuwa kwamba majimbo yana hati zao tayari, zinatosha. Siku ya kusaini Mason akagoma, na Edmund Randolph na Elbridge Gerry nao wakagoma, wakasaini 39.

Halafu katiba ikapelekwa majimboni, zinatakiwa 9 kati ya 13 zikubali, na huko ndo moto ulipowaka maana watu waliuliza, haki zetu ziko wapi? Massachusetts ilipitisha kwa kura 187 dhidi ya 168 na ikaambatanisha orodha ya marekebisho inayoyataka. New York 30 kwa 27, yaani chupuchupu. James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba, ambaye mwanzoni hakuona umuhimu wa hati hiyo, akajikuta anagombea ubunge Virginia dhidi ya James Monroe, ikabidi aahidi wapiga kura kwamba ataleta marekebisho, na kweli akayaleta 8 Juni 1789. Bunge likapitisha 12, majimbo yakaridhia 10 kufikia 15 Desemba 1791, na hayo ndo tunaita Hati ya Haki. Ni wananchi waliobana mpaka zikatoka.

(Hii inayoitwa Marekebisho ya Kwanza, ya uhuru wa dini, kusema na kukusanyika, ilikuwa namba tatu kwenye orodha ile ya 12. Iliyokuwa namba mbili kwenye orodha hiyo, ya mishahara ya wabunge, ilikuja kuridhiwa 1992!)

Lingine, watu wanadhani tangu hapo kila Mmarekani alilindwa dhidi ya kila serikali. Kulikuwa na mtu anaitwa Barron, ana gati yake bandarini Baltimore, jiji likatengeneza barabara likageuza vijito vya maji, mchanga ukaanza kujaa kwenye gati mpaka meli zikashindwa kufika, biashara ikafa. Akadai fidia kwa kutumia Hati ya Haki. Mahakama ya Juu mwaka 1833 ikamwambia hati hiyo inaibana serikali kuu tu, majimbo na miji yao haiwahusu. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe, yaje Marekebisho ya 14 mwaka 1868, yanayoyakataza majimbo kumnyang'anya mtu haki bila kufuata sheria, na hata baada ya hapo mahakama iliyabana majimbo kwa haki mojamoja. Ndo maana mwaka 1962 bado Clarence Earl Gideon, maskini aliyefungwa Florida bila wakili, alikuwa anaandika kwa penseli kwenye karatasi za gereza kuiomba Mahakama ya Juu imsikilize. Ikamsikiliza, kesi ikarudiwa, safari hii akiwa na wakili, akaachiwa huru.

Na wale wasio raia wasiogope: sehemu nyingi katiba inasema "mtu", haisemi "raia". Kupiga kura uchaguzi wa taifa ni kwa raia, ila kusikilizwa kwa haki mahakamani ni kwa mtu yeyote.

Kuhusu utumwa, katiba ya 1787 neno lenyewe ililikwepa, ikasema "watu wengine", na hao ikawahesabu watatu kwa kila watano kwenye kugawa viti vya bunge. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi Mahakama ya Juu, mwaka 1987 watu wakisherehekea miaka 200 alisema wazi kwamba serikali ile ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Huyuhuyu Marshall mwaka 1960 alikuwa London, Lancaster House, kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya, kwa mwito wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, anawasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya na kuandika rasimu ya hati ya haki itakayomlinda hata mlowezi mzungu. Huko kwao, weusi wengi wa Kusini walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura, na sheria ya kuwalinda ikaja 1965.