Bei ya chini haikupi zabuni

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu makini mwenye biashara inayokwenda vizuri: "Serikali inampa mwenye bei ya chini, kwa hiyo nimeshusha mpaka faida imebaki jina tu." Jedwali la bei alikuwa amelikeshea siku tatu. Nikafungua dhamana ya zabuni (ahadi ya benki kumlipa mnunuzi iwapo mzabuni atajiondoa), kurasa mbili nyuma yake: inaisha siku ileile zabuni inapoisha. Bei yake isingelinganishwa na ya mtu yeyote.

Imani hii naijua inakozaliwa. Kwenye ufunguzi bei husomwa kwa sauti, na wazabuni waliohudhuria wanaandika. Aliyesikia ya kwake ndiyo ya chini anaondoka na uhakika. Baadaye kazi anapewa aliyekuwa wa tatu, na huyu wa bei ya chini anaapa kwamba pesa imepita chini ya meza. Lakini iliyosomwa ni bei iliyowasilishwa. Hata pale bei inapokuwa kigezo pekee, inayoshinda ni bei ya chini iliyotathminiwa, miongoni mwa zabuni zilizokidhi masharti. Kila neno hapo lina uzito wake, na watu wanasikia "chini" peke yake.

Nimekaa kwenye kamati za tathmini. Mwanzoni bei hatuigusi. Tunatazama kama aliyesaini ana hati ya kumpa mamlaka, kama vyeti viko hai, kama muda wa uhalali, yaani siku ambazo zabuni yako inakufunga, unatosha. Nyaraka zimetaka siku 120, wewe umeandika 90: umetoka. Wazabuni huniambia huo ni ukatili. Hapana. Ukiandika 90, unajipa nafasi ya kujiondoa huku wenzako bado wamefungwa, na kukuruhusu urekebishe baada ya bei zao kusomwa ni kuwaonea wao. Dhamana ndiyo inayowanasa wengi zaidi. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia, kwa mfano, huitaka iwe hai siku 28 kupita mwisho wa uhalali wa zabuni. Mtu anasoma 120, anaiambia benki yake 120, na benki inaandika ilivyoambiwa.

Kisha linakuja sahihisho la hesabu. Bei ya kipande 1,200, vipande 300, jumla umeandika 36,000. Kwa kawaida bei ya kipande ndiyo inayoshikiliwa, kwa hiyo jumla yako inakuwa 360,000. Uliyekuwa wa kwanza kwenye ufunguzi sasa ni wa mwisho, na ukikataa sahihisho, zabuni inatupwa na dhamana unaweza kuipoteza.

Na bei ya chini kupita kiasi ni hatari yenyewe. Sheria ya mfano ya mwaka 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, inairuhusu taasisi nunuzi kuikataa, ikishakutaka maelezo kwa maandishi na yasiiridhishe. Ukipona hapo, unaifanya kazi kwa mtaji wako na malipo yanachelewa. Nimeona kampuni ndogo ikifungwa ikiwa na mkataba mkononi.

Usajili kwenye mfumo wa zabuni ufanye kabla hujaona tangazo lolote. Ukiwa huna uzoefu unaotakiwa, tafuta ubia au anza kama mkandarasi mdogo. Kigezo cha mauzo ya mwaka kikikuzidi, omba ufafanuzi mapema. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2014, uliweka ukomo: isipokuwa kwa sababu maalumu, mauzo yanayodaiwa yasizidi mara mbili ya thamani ya mkataba. Kwa hiyo swali lako si la ajabu. Watu wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana wasumbufu, ilhali kwa utaratibu wa kawaida jibu hutumwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza.

Sisemi rushwa haipo. Nimesoma maelezo ya kiufundi kwenye nyaraka za zabuni yaliyofanana neno kwa neno na kipeperushi cha bidhaa moja. Hata penye nia njema kuna jambo linanikosesha raha: alama za ubora. Niliwahi kutoa 14 kati ya 20, mwenzangu akatoa 8 kwa andiko lilelile, tukachukua wastani. Mpaka leo sidhani wastani ule ulimtendea haki mwenye andiko. Ndiyo maana nasisitiza ukishindwa uombe sababu kwa maandishi, tena ndani ya kipindi cha kusubiri kabla mkataba haujasainiwa. Ukisubiri hasira ipoe, muda wa kukata rufaa unakuwa umepita.

Yule wa wiki hii bado ana siku sita. Benki imeshambadilishia dhamana. Bei amekubali kuipandisha hadi pale anapoweza kuwalipa mafundi wake miezi mitatu bila kupokea hata senti, na usiku huu anakagua hesabu, mstari kwa mstari.