Historia ya tiba ya meno: tunachokosea kuhusu kuifundisha

Dhana: Historia haimsaidii mwanafunzi kung'oa wala kuziba jino.

Ukweli: Inamsaidia pale mgonjwa anapofungua mdomo kuzungumza. Imani kwamba jino hutobolewa na mnyoo imeandikwa kwenye kibao cha udongo cha Babeli, na bado inasikika kwenye foleni za kliniki zetu. Mwaka 1728, jijini Paris, Pierre Fauchard, daktari wa meno Mfaransa, alitoa kitabu chake cha tiba ya meno cha juzuu mbili, akaeleza kwamba alimtafuta mnyoo huyo hata kwa hadubini bila kumwona. Mwanafunzi akizisoma kurasa zile mwenyewe, anamwona daktari akiipima imani ya watu kwa ushahidi, bila kuwadharau wanaoiamini. Huo ni ujuzi wa kazi kabisa. Nchini Tanzania wapo watoto wachanga wanaokatwa fizi ili yatolewe yanayoitwa meno ya plastiki, yakidhaniwa kuleta homa na kuhara, kumbe ni meno ya utotoni ambayo hayajachomoza. Mzazi anayeamini hivyo hashawishiki kwa kufokewa.

Dhana: George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno ya mbao.

Ukweli: Hadithi hii ndiyo ningeanza nayo darasani. Meno yake bandia yaliyohifadhiwa Mount Vernon, yalipokuwa makazi yake huko Marekani, hayana mbao. Meno yake yalitengenezwa kwa pembe, madini na meno ya binadamu. Kisha fungueni daftari lake la hesabu la Mei 1784: shilingi 122 kwa meno 9, yaliyonunuliwa kutoka kwa watu weusi, na Washington alikuwa akimiliki watumwa. Daftari halisemi meno hayo yaliishia kinywani mwa nani, na mwanafunzi asilisemee. Lakini bei ipo, idadi ipo, majina ya waliong'olewa hayapo. Sijui somo la maadili linaloingia moyoni kuliko mstari huo mmoja.

Dhana: Fani hii ilizaliwa Ulaya na Marekani katika zama za kisasa.

Ukweli: Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, ni kweli. Ila takriban mwaka 1000, al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Kordoba (Hispania ya leo) aliyeandika kwa Kiarabu, alikwishachora vyuma 14 vya kukwangua ukoga, akaelekeza kwamba usipoisha siku ya kwanza, kazi irudiwe kesho yake.

Dhana: Bila vitabu adimu, chuo hakiwezi kuifundisha historia hii.

Ukweli: Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na Wellcome Collection ya London zimeweka maelfu ya vitabu vya kale mtandaoni, bure. Mkutubi na mwalimu wakae pamoja, wachague vitu vitano tu, vikiwemo koleo na viti vya zamani vilivyotupwa stoo ya chuo. Kila kikundi kipewe kimoja na kijibu: kilitengenezwa na nani, kilimtibu nani, nani aliumia?