Kizimba cha Wakala wa Akili Mnemba Katika Kompyuta Yako

Mtengenezaji wa programu anapomruhusu wakala wa akili mnemba kuandika msimbo na kutekeleza amri kwenye kompyuta yake, wakala huyo hurithi haki zote za akaunti anayoitumia: anaweza kusoma funguo za seva zilizomo katika folda ya .ssh, kufuta kazi ya miezi kadhaa, na kutuma nje chochote alichokisoma. Wala si lazima awe na nia mbaya, kwani maelekezo yaliyofichwa na mtu mwingine ndani ya ukurasa wa wavuti au maktaba ya msimbo iliyopakuliwa yanaweza kumfikia, akayafuata kana kwamba yametoka kwa mwenye kompyuta.

Kumwandikia wakala asiguse faili za siri ni ombi tu, si kufuli. Kumtaka aombe idhini kabla ya kila amri husaidia mwanzoni. Ikifika idhini ya hamsini, kidole hukubali kabla jicho halijasoma. Ndiyo maana wakala anapaswa kufungiwa ndani ya kizimba, yaani eneo lenye mpaka unaolindwa na mfumo endeshi wenyewe. Kwenye Linux, zana ya kizimba iitwayo bubblewrap inaweza kumfungulia wakala folda ya mradi na zana anazozihitaji, faili nyingine zote zikawa kama hazipo; kwenye macOS kazi inayofanana na hiyo hufanywa na Seatbelt, kizimba kilichomo ndani ya mfumo huo. Kontena za Docker, yaani vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu, nazo zinafaa, ila anayeingiza docker.sock (faili ya kuiamuru Docker yenyewe) ndani ya kontena amemkabidhi wakala funguo za mashine nzima. Kwa msimbo usioaminika kabisa, tunashauri mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta yako.

Faili zikifungwa na mtandao ukaachwa wazi, nywila zilizomo katika faili ya .env ya mradi zinaweza kutoka. Kwa hiyo ruhusu anwani chache zinazohitajika, ukikumbuka kuwa tovuti yoyote inayopokea faili ni njia ya kutokea.

Mlango unaosahaulika zaidi ni folda ya mradi yenyewe. Wakala akiandika hati ya amri ndani ya .git/hooks, folda ya hati ambazo Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, huziendesha yenyewe, haitamdhuru mtu kizimbani, lakini siku utakapoendesha git commit (amri ya kuhifadhi mabadiliko) mwenyewe, ukiwa nje, itatekelezwa kwa haki zako zote. Ziba .git/hooks na .git/config (faili ya mipangilio ya Git) zisomeke tu bila kuandikwa, kwa kuwa mabadiliko yake hayaonekani katika git diff, amri ya kuonyesha mabadiliko ya mradi, hata kwa mkaguzi makini.